Masta ya elimu huku unafundisha: tathmini ya njia zilizopo Arusha na Moshi

Mwalimu wa Arusha au Moshi anayetaka shahada ya uzamili ya elimu ana nafuu ambayo mwenzake wa Kibondo au Newala hana: anaweza kusoma bila kuhamisha kitanda. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina vituo vya mkoa Arusha na Kilimanjaro. Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge kiko Moshi. Usa River, chini ya saa moja kwa daladala kutoka Arusha mjini kama foleni ya Tengeru haijakaza, kuna Chuo Kikuu cha Arusha na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, na vyote viwili vinaandaa walimu. Pa kusoma papo. Anayekosekana ni mtu wa kumwambia mwalimu, kabla hajalipa, ni sehemu gani ya safari inayokwamisha watu.

Tumeipima huduma hii kwa swali moja: mwalimu mwenye vipindi 24 kwa wiki, zamu, na daftari 160 za kusahihisha, ataimaliza? Ukiuliza hivyo, ada, ambayo ndiyo kitu cha kwanza kila mtu kuulizia, inashuka hadi nafasi ya tatu. Juu yake zimekaa kalenda ya chuo na usimamizi wa tasnifu.

Saa 1,800 zitatoka wapi

Vipeperushi vya vyuo haviifanyi hesabu hii, basi tuifanye hapa. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inataka shahada ya uzamili iwe na krediti zisizopungua 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, maktaba, kuandika, mtihani, vyote ndani. Jumla ni saa 1,800. Programu ya miezi 18 ina wiki 78. Gawanya, unapata saa 23 kila wiki, bila kuugua, bila msiba, bila kusimamia mtihani wa taifa. Anayeweza kutenga saa 15, yaani mbili kila jioni Jumatatu hadi Ijumaa na tano Jumamosi, atahitaji wiki 120, ambazo ni miaka miwili na miezi minne hivi. Kwa hiyo mwenye Kidato cha Nne cha kuandaa asijipe miezi 18. Apange miaka mitatu. Akiwahi, ni faida yake.

Sifa ya kuingia ni nyepesi kuliko watu wanavyoogopa. Kwa kawaida ni shahada ya kwanza yenye GPA ya 2.7, pale daraja la pili la chini linapoanzia. Mwenye chini ya hapo, yaani ufaulu wa kawaida wa 2.0 hadi 2.6, hupitia kwanza stashahada ya uzamili. Ila msichanganye mambo: stashahada ya uzamili katika elimu, PGDE, imetengenezwa kwa ajili ya aliyesoma B.A. au B.Sc. isiyo ya ualimu na sasa anataka kuwa mwalimu. Mwenye B.Ed. ya 3.1 akishauriwa aanze na PGDE, anauziwa kitu alichonacho tayari.

Kinachorudisha maombi mengi ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Neema J. Mollel, kitambulisho cha NIDA kinasema Neema Julius, na barua ya ajira ina jina la ndoa. Maliza jambo hili kwa kiapo mbele ya wakili, au kwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kabla dirisha la udahili halijafunguliwa. Jina litakaloingia kwenye mfumo wa chuo siku ya kwanza ndilo litakalotoka kwenye cheti, na kulirekebisha mwaka wa tatu ni kazi ya kuzunguka ofisi hadi soli ya kiatu iishe.

Huria, Mwenge, Usa River, au kuondoka kabisa

Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kikaanza kufundisha 1994. Kimejengwa kwa ajili ya mtu aliye kazini, na hilo linaonekana. Hakuna darasa la kila siku. Masomo yako mtandaoni, kuna vipindi vichache vya uso kwa uso, na mtihani unafanyika kituoni. Kwa upande wa elimu kuna uzamili wa utawala, mipango na sera, na kuna wa uandaaji wa mitaala. Nguvu yake kubwa kwa mwalimu wa serikali ni uhamisho. Ukihamishwa kutoka Moshi Manispaa kwenda Longido katikati ya masomo, unabadilisha kituo na kuendelea. Chuo cha darasani hakina dawa ya jambo hilo.

Udhaifu wake ni upweke. Hakuna anayekuuliza kwa nini hujafungua moduli ya takwimu tangu Machi. Msimamizi wa tasnifu anaweza kuwa kituo kingine kabisa, mkajuana kwa barua pepe tu. Wanaomaliza vizuri huwa na kundi dogo la watu wanne au watano wa kituo kimoja, wanaokutana Jumamosi mbili kwa mwezi kwenye maktaba ya mkoa na kugawana mada: kila mmoja anafundisha wenzake moja. Ni walimu, kufundishana hakuwashindi. Kundi la WhatsApp la watu 180 halifanyi kazi hiyo; hilo ni la kuulizia tarehe.

Mwenge ni mnyama mwingine. Kilikuwa chuo kishiriki cha Mtakatifu Augustino, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014, na asili yake ni ualimu. Hapo unakaa darasani, unamwona mhadhiri, unagombana naye kuhusu alama ana kwa ana. Kwa anayeishi Rau, Pasua au Soweto, ni rahisi kufika baada ya kazi. Kwa anayeishi Arusha, piga hesabu upya: ni takriban kilomita 80 kwenda na 80 kurudi, na Coaster ya jioni inayosimama Usa River, KIA na Boma Ng'ombe inakula saa mbili kila upande. Darasa la saa tatu linakuwa siku nzima.

Pamoja na utawala na mipango, ambayo kila mtu huikimbilia kwa sababu anauona ukuu wa shule kwa mbali, kuna uzamili wa upimaji na tathmini. Huo tunaupendekeza zaidi kuliko watu wanavyoupenda. Shule zimejaa wasimamizi. Mtu anayejua kutengeneza jedwali la utahini, yaani mpango wa kugawa maswali kwa mada, na kulichambua swali baada ya mtihani ni wa kutafuta kwa tochi. Uchambuzi wenyewe si uchawi. Wanafunzi 40 wamefanya swali, 30 wamelipata, fahirisi yake ya ugumu ni 0.75, yaani robo tatu wamelipata. Kisha unalinganisha kundi la juu na kundi la chini kuona kama swali linawatenganisha. Likipatwa zaidi na walio chini kuliko walio juu, swali lina kasoro, mara nyingi ni ufunguo wa majibu uliokosewa. Mwalimu wa taaluma anayeweza kufanya hivyo kwenye mtihani wa moko anasikilizwa.

Usa River inamfaa anayeishi Tengeru, Kikatiti, Maji ya Chai au Kijenge. La kuangalia kwanza ni programu. Chuo kuwa na shahada ya kwanza ya ualimu hakumaanishi kwamba kila uzamili unaoutaka umeidhinishwa. Orodha ya programu zilizoidhinishwa iko kwenye tovuti ya TCU, na jina la programu lisomeke hapo neno kwa neno kama lilivyo kwenye barua yako ya udahili. La pili ni siku. Chuo Kikuu cha Arusha ni cha Waadventista Wasabato, kwa hiyo Jumamosi hakuna darasa na Ijumaa jua linapozama shughuli zinasimama. Kwa Msabato ni neema. Kwa mwalimu aliyezoea kuiona Jumamosi kama siku yake pekee ya kusoma, ratiba inabidi ihamie Jumapili na jioni za kati ya wiki, na aulize hilo kabla ya kulipa.

Kwenda Dar es Salaam au Dodoma kusoma muda wote ni kwa mwenye ruhusa kamili ya masomo na mshahara unaoendelea. Akiipata, aende. Maktaba ni kubwa, wasimamizi wako jirani, na anayesoma bila vipindi hupata saa 40 kwa wiki badala ya 15. Programu za mtandaoni za nje ya nchi ni kundi la mwisho. Kabla ya kutuma hata senti, hakikisha TCU itaitambua tuzo hiyo, maana cheti kisichotambuliwa kinapamba ukuta wa sebule tu.

Ruhusa kwanza, ada baadaye

Mwalimu wa serikali aliyeanza masomo ya muda wote bila kibali yuko kwenye utoro kazini, na siku tano tu za utoro zinatosha kumfungulia mashauri ya nidhamu yanayoweza kuishia kwenye kufukuzwa. Barua inaanzia kwa Mkuu wa Shule, au Mwalimu Mkuu kwa shule ya msingi, inapita kwa Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu wa halmashauri, ndipo imfikie Mkurugenzi. Ambatisha barua ya udahili na ile ya kuthibitishwa kazini; aliye kwenye mwaka wa majaribio asijisumbue bado.

Wengi hukwama kwa sababu ya tarehe. Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza 1 Julai, na mpango wa mafunzo unaandaliwa pamoja na bajeti miezi kadhaa kabla yake. Barua ya udahili inatoka Septemba au Oktoba. Anayesubiri barua hiyo ndipo aombe, anakuta mpango umefungwa na jina lake halimo. Dawa ni kupeleka nia ya kusoma kwa Afisa Utumishi mapema, hata kabla hujajua chuo, jina liingie kwenye mpango. Barua ya udahili itaufuata.

Anayesoma kwa masafa au jioni naye aombe barua. Haihitaji siku nyingi, lakini mitihani na ukusanyaji wa data vitaangukia siku za kazi, na Mkuu wa Shule mpya asiyekufahamu hatakuruhusu kwa maneno ya mtangulizi wake. Shule binafsi, ambazo Arusha na Moshi zimejaa, hazina mlolongo huo. Huko jambo linaandikwa kwenye mkataba: siku ngapi, mshahara unakatwaje, na ukimaliza utabaki miaka mingapi.

Sasa kuhusu mshahara. Kubadilishiwa muundo kunamgusa zaidi mwalimu wa cheti au stashahada anayepata shahada ya kwanza. Mwenye shahada tayari asitarajie masta imrushe daraja kesho yake. Thamani yake iko kwingine: uthibiti ubora wa shule, ofisi za elimu, ukufunzi kwenye vyuo vya ualimu, utaaluma wa shule kubwa binafsi, mashirika ya elimu ambayo Arusha hayapungui. Anayeota kufundisha chuo kikuu cha umma atazame nyuma kabla ya kutazama mbele: matangazo ya ajira hizo kwa kawaida hutaka GPA ya 3.8 ya shahada ya kwanza pamoja na 4.0 ya uzamili. Mwenye 3.2 hataifuta kwa masta ya 4.6. Ni kanuni ya ajabu kwa watu wanaoamini kwamba binadamu hujifunza akikua, lakini ndiyo iliyopo.

Hela huishia mwaka wa pili

Ombeni karatasi ya gharama zote hadi mahafali: usajili, mitihani, kitambulisho, kutetea pendekezo la utafiti, kusahihishiwa tasnifu, joho. Kisha ulizeni swali ambalo halimo kwenye karatasi: nikizidisha muda, kila muhula wa ziada ni shilingi ngapi? Tumeshasema mtu wa kazini atazidisha.

Wengi hulipa kwa mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Tuchukue mfano wa mshahara wa msingi wa shilingi 900,000 kwa mtu ambaye bado anadaiwa na Bodi ya Mikopo. Bodi inakata asilimia 15, yaani 135,000. Hifadhi ya jamii asilimia 5 ni 45,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 27,000. Chama cha walimu asilimia 2 ni 18,000. Kodi ya mapato, baada ya kuondoa hifadhi ya jamii, ni 91,750. Anabaki na 583,250. Sheria ya theluthi moja inataka asishuke chini ya 300,000, kwa hiyo benki inaweza kuchota hadi 283,250 kwa mwezi. Afisa mikopo atakuonyesha namba hiyo kana kwamba ni zawadi. Ukiichukua yote mwaka wa kwanza, mwaka wa pili unakwenda kukusanya data ukiwa unaishi kwa laki tatu, na hapo ndipo tasnifu inapowekwa kabatini "kwa muda".

Kopa ada ya mwaka mmoja mmoja. Mwaka wa pili unahitaji fedha taslimu, tena kidogokidogo na kila wiki.

Tasnifu

Masomo ya darasani karibu kila mtu anayamaliza. Alama ya kufaulu somo kwenye uzamili kwa kawaida ni B, maana yake C uliyoifurahia shahada ya kwanza hapa unarudia. Lakini mwalimu anajua kufanya mtihani. Tasnifu haina mtihani, haina kengele, na hapo ndipo foleni ya waliokwama ilipo.

Chanzo cha kwanza ni mada. "Sababu za ufaulu duni wa Hisabati katika wilaya ya Meru" imeshaandikwa kwa kila wilaya nchini, na majibu yake yanajulikana kabla ya dodoso kuchapishwa: upungufu wa walimu, vitabu, utoro, hofu ya somo. Mtahini ataisoma akipiga miayo. Punguza hadi upate kitu unachoweza kukiona kwa macho. Mfano: jinsi walimu wa Biolojia wa Kidato cha Kwanza wanavyotumia Kiswahili kufafanua istilahi za Kiingereza katika shule tatu za kata za Meru. Mwanafunzi ametoka shule ya msingi ya Kiswahili, sekondari ni Kiingereza, mpaka huo unavukwa darasani mbele yako. Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024, pamoja na mkondo wake wa amali, nao umefungua mada nyingi ambazo hazijachakaa: shule imepata wapi karakana, nani anafundisha, anapimwaje. Wa Monduli na Longido wana suala la utoro wakati wa ukame, mifugo ikihamishwa. Wa Rombo wana mpaka wa Kenya.

Cha pili ni sampuli isiyoendana na mbinu. Kanuni ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli inapendwa kwa sababu ni fupi: n = N ÷ (1 + Ne²), ambapo N ni idadi ya wote na e ni kosa linalokubalika. Kwa walimu 420 na kosa la 0.05, chini unapata 1 + 420 × 0.0025 = 2.05, na 420 ÷ 2.05 inakupa 205. Safi kabisa, kwa dodoso. Kisha mtu huyohuyo anaandika kwamba utafiti wake ni wa kitaamuli, wa mahojiano ya kina. Mahojiano 205 ya dakika 40 ni karibu saa 137, na kuyanakili kutoka kwenye kinasa sauti ni mara nne au tano ya hapo. Kwa mahojiano ya kina, watu 12 hadi 20 waliochaguliwa kwa sababu maalumu wanatosha, ukiweza kueleza kwa nini hao. Jopo la kutetea pendekezo hukamata kosa hili haraka, na likishakukamata unarudi mwisho wa foleni.

Kwa dodoso, ongeza asilimia 10 kwa ajili ya yatakayopotea: nakala 226. Kurasa nne kila moja ni kurasa 904. Zikinakiliwa kwa shilingi 100 ni 90,400. Kabla ya kuchapa zote, jaribu kwa walimu 20 wa shule isiyo kwenye sampuli. Ukipata alfa ya Cronbach, kipimo cha kama maswali yanakubaliana, chini ya 0.7, rudi kwenye maswali. Tatizo la kawaida ni sentensi yenye vichwa viwili, kama "Mkuu wa shule hutoa motisha na vifaa kwa wakati". Mwalimu aliyepata chaki na hajapata motisha ataweka wapi tiki? Igawe. Shule ya msingi ipewe dodoso la Kiswahili, na mtu mwingine alirudishe kwenye Kiingereza bila kuona la kwanza, mlinganishe.

Cha tatu, na kwa maoni yetu ndicho kikubwa, ni kalenda. Mtafiti ni mwalimu lakini anasahau kalenda ya shule. Januari ni uandikishaji. Mei Kidato cha Sita wako kwenye mtihani, Juni shule zimefungwa. Septemba ni Darasa la Saba, na kuanzia Oktoba hadi Novemba zinafuatana za Darasa la Nne, Kidato cha Pili na cha Nne. Shule inafungwa kwa wageni, na walimu wenyewe wanasimamia kwingine. Desemba waliochaguliwa wanasahihisha. Kinachobaki ni katikati ya Februari hadi mwisho wa Machi, na katikati ya Julai hadi Agosti, ukizikwepa wiki za moko. Ukikosa dirisha la Julai, linalofuata ni Februari. Miezi sita, na ada ya muhula juu yake.

Ili ulifikie dirisha la Julai, rudi nyuma. Barua ya utambulisho ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka halmashauri, kwa Afisa Elimu, ndipo Mkuu wa Shule akufungulie geti. Weka wiki nne kwa mlolongo huo na nakala tano za kila barua. Pendekezo liwe limetetewa kufikia Mei. Msimamizi awe na rasimu yake kamili kufikia Machi. Shule zikiwa kwenye halmashauri mbili, milolongo ni miwili; ukichanganya Hai na Arumeru kwa sababu ziko jirani barabarani, umejipa makatibu tawala wa mikoa miwili. Halmashauri moja inatosha, na isiwe mbali na mfuko wako. Longido ni kilomita 80 hivi kutoka Arusha, na kila shule inahitaji kwenda mara mbili: kupeleka madodoso na kuyafuata.

Msimamizi, basi. Kabla ya kujiandikisha tafuta wahitimu wawili wa programu hiyohiyo na uwaulize mambo haya tu: rasimu ilikaa kwa msimamizi wiki ngapi, na jopo la kutetea linakaa mara ngapi kwa mwaka. Likikaa mara mbili na ukachelewa kwa siku tano, umepoteza nusu mwaka. Hapo ndipo chuo chenye ada ndogo kinapoweza kuwa ghali kuliko chenye ada kubwa. Rasimu ipelekwe sura moja moja, ikiwa na karatasi ya mbele inayoonyesha maoni ya mara iliyopita na ukurasa uliporekebisha kila oni. Msimamizi mwenye wanafunzi wengi husoma kwanza kazi inayomrahisishia kukumbuka.

Lugha nayo inauma kimyakimya. Tasnifu nyingi za elimu zinaandikwa kwa Kiingereza, na mwalimu wa Historia aliyekizungumza miaka kumi darasani anagundua kwamba kukiandika ni fani nyingine. Soma tasnifu tatu za programu yako kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo, uone jinsi sura ya nne inavyopangwa, kisha andika ukurasa mmoja kila siku hata ukiwa mbaya.

Jaribu lingine liko kwenye vibanda vya steshenari, Arusha na Moshi sawia: tangazo dogo ukutani la "tunasaidia propozo na disetesheni". Kuchapiwa na kupangiwa kurasa ni huduma halali. Kuandikiwa ni kununua aibu kwa awamu. Programu ya kupima ulinganifu inakamata kazi iliyouzwa kwa watu watatu, na isipokamata, jopo litakuuliza kwa nini umetumia jaribio la t badala ya uchanganuzi wa tofauti, na aliyeandika hayupo chumbani.

Vifaa vyenyewe havina gharama kubwa siku hizi. Zotero ni bure na inapanga marejeo kwa mtindo wa APA toleo la 7 bila kukosea mabano. KoboToolbox inakusanya dodoso kwa simu hata pasipo na mtandao, kisha inatuma ukifika penye mawimbi, jambo linalosaidia kuanzia Ketumbeine hadi Tarakea. SPSS, programu ya takwimu, ya leseni ni ghali na ya kuazimana huleta virusi. Jamovi ni bure na inafanya karibu kila uchambuzi wa takwimu ambao tasnifu ya uzamili wa elimu inahitaji. Hifadhi nakala tatu: kompyuta, flashi, na mtandaoni. Flashi peke yake si hifadhi.

Mwisho kuna kubaindi. Usipeleke jalada gumu kabla ya marekebisho ya watahini kusainiwa, hata mahafali yakikaribia. Ukurasa mmoja ukirudishwa, jalada linachanwa. Acha sentimita 4 upande wa kushoto, vinginevyo uzi unameza herufi za mwanzo. Rangi ya jalada na idadi ya nakala vimo kwenye mwongozo wa uzamili wa chuo, siyo kichwani mwa mwenye steshenari, ambaye anakumbuka rangi ya mteja wa jana. Mwambie atengeneze nakala moja kwanza. Isome mgongoni, pale penye herufi za dhahabu, ukiwa umeshika cheti chako cha kidato cha nne mkono wa pili.